Nggih Isiyo na Karibu

Semarang, 24 Septemba 1986

Kwa Mbok Parinah, Watujambal

Salamu za heri. Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza imetoka kwa nani, maana tangu tulipomzika Babu hatujaandikiana, na siku zile mimi nilikuwa kijana wa ndevu za kuhesabika. Sasa ni mwalimu wa historia. Ndevu zimejaa, nywele ndizo zimeanza kuniaga.

Nina jambo, Mbok. Wanafunzi wangu ni Wajava wa kwenye cheti cha kuzaliwa tu. Juzi nilimwambia mmoja anisalimu kwa lugha ya juu, ile ya heshima, kama anavyomsalimu bibi yake. Hata kusema nggih badala ya ndiyo hajui; akaniuliza kama lugha ya juu ni ile ya kwenye redio. Wenzake wakacheka, na waliocheka nao hawaijui. Nimesema basi, hawa lazima niwapeleke kijijini waone walikotoka. Tutakuja Jumamosi tarehe 13 Desemba na kukaa siku tatu, mimi na wanafunzi thelathini na mmoja. Waone mpunga unavyopandwa, wapike sukari guru pamoja nawe, wapande hadi kwenye lile hekalu la mawe, wasikie ala za gamelan zikipigwa na watu waliozaliwa nazo.

Nani wa kutufungulia mlango kama si wewe, ambaye baba yako alimshikia farasi babu yangu miaka ishirini? Ninayo picha mezani kwangu: Babu juu ya farasi, kwenye ufuko wa mchanga wa mto Jambal. Pembeni kuna mkono umeshika hatamu. Mpiga picha alimkata mtu mzima akaubakiza mkono. Nadhani ni mkono wa baba yako.

Tungependa kulala kwako na kwa majirani zako. Nijibu upesi niwaarifu wazazi.

Wako,
Kusdiarto


Watujambal, 3 Oktoba 1986

Kwa Ndara Kusdiarto

Kwanza naomba radhi kwa karatasi hii na kwa mwandiko wenyewe. Mimi herufi nilijifunza kwa mkaa, kwenye ukuta wa zizi la babu yako, na kumwandikia mwalimu naona haya.

Barua ya Ndara nimeipata leo gulioni. Tarishi hapandi huku kwetu. Barua huziacha kwa muuza mafuta ya taa, na gulio letu ni siku ya Pon, kila baada ya siku tano, kwa hiyo Ndara asituhesabie uvivu tukichelewa kujibu. Nimefurahi kuona familia ya Ndara bado inatukumbuka.

Kuhusu safari, nggih.

Ila nyumba yangu ni ndogo na paa linavuja. Desemba ni mwezi wa mvua, na watoto wa mjini wamezoea vitanda. Jiko langu ni moshi mtupu. Na mlima nao, tangu ulipotapika majivu mwaka juzi, bado haujatulia vizuri. Lakini hayo ni mambo yetu sisi wa huku, hayastahili kumchosha Ndara.

Mkono ule ni wa baba. Alikuwa na kovu kwenye kidole gumba.

Mimi mtumishi wako,
Parinah


Semarang, 12 Oktoba 1986

Mbok Parinah,

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka peke yangu, mpaka mwalimu wa hesabu akachungulia. Nyumba ndogo, paa linavuja, jiko moshi. Huo ndio unyenyekevu wa Kijava ninaotaka watoto hawa wausikie kwa masikio yao. Nimewasomea darasani.

Lakini sitaki kukutaabisha, nami nimekwisha pata dawa. Tutaazima mahema kwa maskauti na kupiga kambi kwenye ufuko wa mto, pale pale kwenye picha ya Babu. Mchanga laini, nafasi tele, na basi linaishia pale pale kivukoni. Tutashuka saa tisa alasiri. Wewe utabaki na paa lako linalovuja, na sisi tutakuja mchana tu kukoroga sukari. Nimemwandikia pia mkuu wa kijiji, naye amenijibu nggih.

Jambo moja: je, mto una maji mengi? Wapo wazazi wanaoogopa watoto kuzama.

Wako,
Kusdiarto


Watujambal, 23 Oktoba 1986

Kwa Ndara Kusdiarto

Naomba radhi kwa kuchelewa.

Nggih. Ni kweli mkuu wa kijiji amesema nggih. Nilikuwepo alipoandika. Alinitazama, nami nikatazama chini.

Maji ambayo Ndara anayauliza ni machache mno. Wanawake wanavuka bila kukunja nguo. Mvua kule juu imekwisha anza, kila alasiri tunaisikia ikinguruma, lakini maji hayashuki. Wazee wanasema hawajaona mwaka wa namna hii. Mbuzi wangu waliokuwa wakilala ufukoni nimewapandisha kilimani, na jirani yangu Suti amewapandisha wake. Wachimba mchanga nao hawaleti tena malori. Kwa hiyo ufuko ni mtupu na uko kimya.

Namwombea Ndara afya njema.

Mtumishi wako,
Parinah


Watujambal, 23 Oktoba 1986

Mwanangu Lasmi,

Blauzi uliyonishonea imefika. Umenipima ukidhani mama yako bado ana kiuno. Nimefumua pembeni, sasa napumua.

Tuache hayo. Yule mjukuu wa Ndara mzee, bwana wa babu yako, ambaye ni mwalimu wa huko huko kwenu Semarang, anataka kuleta watoto thelathini na mmoja walale ufukoni mwezi wa Desemba. Ufukoni, Lasmi. Unakumbuka lile korongo la juu ambako mto unatokea? Majivu na mawe ya mwaka juzi yamelijaza, na mvua ya sasa inakaa nyuma yake. Mjomba wako Wagiyo alipanda kukata nyasi akaona bwawa ambalo halikuwepo, maji ya kijivu, magogo yanaelea. Ndiyo maana mto umekauka. Siku lile bwawa likipasuka, tope na mawe vitapita ufukoni kabla mtu hajamaliza kuita jina la mwanawe.

Na kosa ni langu. Yeye alitaka walale nyumbani, huku juu ambako mto haufiki. Mimi nikamwambia paa linavuja ili aelewe kuwa si wakati wa kuja. Wewe unajua paa hili halijawahi kuvuja hata tone, baba yako aliliezeka mwenyewe. Mwalimu akaelewa kuwa paa linavuja, akahamishia watoto mtoni.

Nimemwambia nggih mara mbili, na karibu sijamwambia hata mara moja. Mtu aliyekulia huku angekwisha fungua mizigo. Nggih si kitu, ni kumwambia mtu nimekusikia. Neno la kumwingiza mtu ndani ni karibu. Yeye anafundisha mila yetu na hajui hilo.

Utasema, mwambie hapana. Kwa lugha ya juu, kwa mjukuu wa Ndara, hapana naitoa wapi? Babu yako, farasi alipomkanyaga gumba mbele ya mkubwa wake na kuulizwa kama yuko sawa, alisema nggih huku damu inatoka. Mimi ndiye niliyeliosha lile gumba.

Sijui la kufanya.

Mama yako


Semarang, 2 Novemba 1986

Mbok Parinah,

Wewe ungefaa kuwa mkuu wa shule. Maji machache, basi hakuna mtoto wa kuzama, na wazazi nimewasomea wametulia. Mbuzi umewaondoa, basi hatulalii samadi. Malori yamezuiwa, basi hakuna vumbi wala kelele. Umefikiria kila kitu na hukuomba hata asante.

Darasani tumeanza mazoezi ya kufunga mahema. Yupo msichana mmoja, Endah, wa miwani, ambaye hema humwangukia kila mara. Nimemwambia mchanga wa Jambal utamhurumia.

Je, kuna sherehe yoyote ya kijiji wakati huo? Wangependa sana kuona.

Wako,
Kusdiarto


Watujambal, 12 Novemba 1986

Kwa Ndara Kusdiarto

Nggih, Ndara.

Sherehe haipo. Wiki iliyopita tulifanya dua ya kijiji kule ufukoni, ya kuuomba mto utupitie mbali. Kwa desturi wali wa dua huliwa pale pale, watu wakikaa chini kwa pamoja. Safari hii imamu alifupisha, wali tukaubeba tukaulia nyumbani, kila mtu na mlango wake. Hakuna aliyesema kwa nini.

Nimesikia Ndara ana msichana wa miwani. Mimi pia macho yangu siku hizi si mazuri, lakini masikio bado yapo.

Mtumishi wako,
Parinah


Semarang, 20 Novemba 1986

Mama,

Kiuno kwanza. Mimi nilipima blauzi ile kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtoto ina adabu. Nitakushonea nyingine, pana kama hema.

Nimetaja hema bila kutaka. Nilikwenda shuleni kwake, mama. Nilimwomba msimamizi ruhusa nikaacha sare za watu mezani. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa najizoeza, “Pak, msije, mto utapasuka,” mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nilikuwa nimejiambia nitaongea Kiindonesia, kule hakuna juu wala chini, unasema tu.

Akatoka mwenyewe kunipokea. Amevaa batiki safi imepigwa pasi. Akanisalimu kwa lugha ya juu, ile ya vitabuni, makosa mawili ndani yake, na akanivutia kiti kwa mkono wake. Mama, aliponivutia kiti nikaisha. Mjukuu wa Ndara anamvutia kiti mjukuu wa mshika farasi. Akanionyesha picha, akaweka kidole kwenye ule mkono, akasema, “Huyu ni babu yako.” Sauti yake ilikuwa ya kweli, si mtu mbaya yule. Kisha akauliza, “Mama yuko tayari kutupokea?” Nikasikia mdomo wangu unasema nggih.

Mimi ninayegombana na makonda kila asubuhi. Nilitoka na soda tumboni na aibu usoni. Nilisimama getini nikitaka kurudi, kengele ikalia, watoto wakamwagika uwanjani na mahema yao. Nilimwona msichana mmoja wa miwani. Hema lilimwangukia, akabaki ndani anacheka, unaona umbo la mtu tu linajipapasa chini ya turubai. Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona hivyo.

Sikiliza. Mwandikie kwa lugha ya chini. Ile unayowaitia mbuzi. Hawezi kuielewa vibaya, kila Mjava hata wa Semarang alitukanwa kwa lugha hiyo utotoni. Atachukia. Mwache achukie.

Binti yako,
Lasmi


Watujambal, 2 Desemba 1986

Kus,

Usije.

Nakuandikia kwa lugha ya chini, kama ninavyosema na mbuzi, kwa sababu ya juu huisikii. Umesoma mpaka umekuwa kiziwi. Nilikuambia mto umekauka wakati mlimani kunanyesha, wewe ukafurahi. Nilikuambia nimeondoa mbuzi, ukanishukuru. Mbuzi tumewaondoa tusiwapoteze, mjinga wee. Wewe mahali pa mbuzi unaleta watoto wa watu.

Kuna bwawa kule juu. Likipasuka, ufuko ule hautabaki na kitu. Halitakuambia siku. Ndugu yangu amepanda tena juzi, amesema ukuta wake unatoa jasho.

Chukua barua zangu zote uzitandaze mezani. Tafuta neno karibu. Tafuta mpaka macho yakuume. Sikukuambia karibu hata siku moja. Nggih nilikuambia, na nggih maana yake nimekusikia, basi. Bibi yako angekwambia hivyo kama ungemuuliza.

Paa langu halivuji. Nilisema uongo kwa adabu, na adabu ile ilikusukuma mtoni. Hilo nitalijibu mwenyewe kwa Mungu. Wewe watoto wa watu usiwalete.

Nijibu. Andika neno moja tu, nijue umesikia. Usiponijibu nitajua unakuja, na nitashuka ufukoni siku hiyo nisimame mbele ya basi lako, unikanyage kwanza.

Parinah


Semarang, 8 Desemba 1986

Kwa Parinah

Barua yako ya tarehe 2 nimeipokea. Nimefundisha miaka kumi na mitatu na sijawahi kuandikiwa maneno ya namna ile na mtu yeyote, sembuse na mtu wa nyumba ambayo familia yangu iliilisha.

Safari imefutwa. Nimewaambia wazazi kwamba barabara ni mbaya. Hatutakuja tarehe 13, wala siku nyingine.

Kusdiarto


Watujambal, 22 Desemba 1986

Kwa Pak Kusdiarto

Mimi ni Lasmi, mshonaji, yule uliyemvutia kiti. Naandika nikiwa nyumbani kwa mama. Mama hayupo tena.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa, kwa mpangilio, kwa sababu nataka uyajue yote.

Ijumaa tarehe 12 ilikuwa Pon. Mama alikwenda gulioni mapema, akamuuliza muuza mafuta kama kuna barua kutoka Semarang. Hakuna. Akanunua chumvi, akazunguka, akarudi kuuliza. Muuza mafuta alimmwagia pakiti nzima ya barua mezani ili aone mwenyewe. Mama akamshukuru, akarudi nyumbani.

Jumamosi aliamka akaosha nywele. Akavaa kitambaa chake cha batiki cha harusi na blauzi niliyomshonea, ile aliyoifumua. Suti alimuuliza anakwenda kwa nani. Akasema anakwenda kumzuia Ndara Kus, na kwanza amwombe radhi, kwa sababu amemwandikia kwa lugha ya chini na toka siku hiyo halali. Alibeba birika la chai na glasi moja. Glasi moja, Pak. Yako.

Alifika kivukoni kabla ya adhuhuri. Chini huku jua lilikuwa linawaka. Juu mlimani kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Saa nane Suti alisimama ukingoni akamwita apande, akamwambia basi haliji, panda. Mama akaitikia kwa heshima, “Nggih, nggih.” Akabaki pale pale. Suti anasema aliita mara nne, na mara nne aliitikiwa.

Kabla ya saa tisa mjomba Wagiyo alisikia kama malori mengi yanashuka kwa pamoja. Akajua, maana malori hayaji tena. Alipofika ukingoni ufuko haukuwepo.

Tulimpata siku ya tatu, chini kwenye daraja kubwa. Nilimtambua kwa mshono wangu.

Nataka kukuuliza swali moja. Ulipata barua yake au hukuipata? Kama haikufika, basi ni posta, na nitamlaumu Mungu. Ila hamkuja. Basi lenu halikutokea. Nimefikiri siku saba, na mtu ambaye hakupata barua angekuja.

Lasmi


Semarang, 8 Februari 1987

Kwa Ibu Lasmi

Barua hii nimeiandika mara sita. Hii ya saba naipeleka posta leo leo, kabla sijaisoma tena.

Niliipata. Ilifika tarehe 6 Desemba. Nilisoma mstari wa kwanza damu ikanipanda kichwani. Nilisoma yote, nikaelewa kila neno, nikajua mama yako anasema kweli, na bado kilichoniuma kilikuwa lugha. Nakuambia hivyo ilivyokuwa, sitaki kujipaka rangi.

Usiku ule sikutandaza barua. Nilizitandaza baadaye, mwezi wa Januari. Zote tatu za mwanzo. Neno karibu halimo.

Jibu niliandika, tarehe 8, ninalo hapa, nimeliambatisha ulisome. Safari nilikwisha futa. Jibu nikaliweka kwenye bahasha, nikabandika stempu, kisha nikalitia kwenye droo. Nilijiambia barua ya namna ile haijibiwi. Nilijiambia mtu wa hadhi hujibu kwa kunyamaza, na yule mama ataelewa kimya changu, maana yeye ni Mjava halisi. Alikuwa ameniomba neno moja. Aliniambia na atakachofanya nisipoliandika. Nililiona kama vitisho vya mwanamke mwenye hasira. Lingetiwa posta siku ile, lingefika Pon ya tarehe 12.

Jumamosi ile, saa tisa, nilikuwa na wanafunzi kwenye jumba la makumbusho hapa mjini. Palikuwa na kijiji kidogo cha mbao ndani ya kioo, na mto wa rangi ya buluu. Nilikuwa nawaeleza mila yetu ya kumpokea mgeni. Endah aliniuliza kwa nini hatukwenda kwenye cha kweli. Nikamwambia barabara mbaya.

Sasa wote wanajua. Niliwaambia mimi mwenyewe, darasani, na barua ya mama yako nikawasomea kama ilivyo, bila kuisafisha. Hakuna aliyecheka. Wako hai thelathini na mmoja, Ibu, na kila mmoja anajua ni kwa sababu ya nani. Mama mzazi wa Endah alikuja ofisini akalia, kisha akaniuliza kama nilimshukuru yule mama.

Naandika kuomba kitu ambacho sistahili. Nimehesabu, siku ya mia inaangukia mwishoni mwa Machi. Naomba ruhusa ya kuja Watujambal kwenye dua ya mama yako. Nije na wale watoto kama utakubali, au nije peke yangu nikae nyuma na waosha vyombo. Nikae nje kabisa kama unaona ndipo panaponifaa. Nataka nipige magoti mahali alipokuwa amesimama.

Picha ya mtoni naituma ndani ya bahasha hii. Kwangu haina tena mahali pa kukaa. Kila nikiitazama simwoni Babu wala farasi, ninaona mkono.

Nitasubiri jibu lako. Safari hii najua neno la kulitafuta.

Kwa heshima zote,
Kusdiarto


Watujambal, 20 Februari 1987

Kwa Ndara Kusdiarto

Naomba radhi kwa mwandiko huu, naandikia magotini. Barua ya Ndara nimeipata leo gulioni kwa muuza mafuta. Asante kwa picha. Nimeiweka ukutani, nimekunja upande wa farasi.

Kazi ya mjini nimeiacha, sasa napika sukari. Mvua zimeanza kupungua huku kwetu. Mto umejaa vizuri, na ufuko mpya umejitengeneza, mpana kuliko wa zamani. Mbuzi wote ni wazima. Namshukuru Mungu kwa watoto wa Ndara, hasa yule wa miwani. Nilifurahi sana kusikia habari zake.

Barabara bado si nzuri, na nyumba hii ni ndogo. Paa linavuja.

Kuhusu siku ya mia, nggih.

Mimi mtumishi wako,
Lasmi binti Parinah